Asilimia 16 Iliyoandikwa Kila Mahali

Lugha ya SQL, ambayo hutumika kuuliza na kubadilisha taarifa katika sehemu kubwa ya hifadhidata za biashara, benki na serikali, ilitokana na kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce katika maabara ya IBM huko San Jose, California, waliotoa maelezo yake ya kwanza mwaka 1974 wakijenga juu ya nadharia ya majedwali yenye uhusiano iliyochapishwa na Edgar Codd mwaka 1970. Nia yao ilikuwa kumpa hata mtu asiyeandika programu, kwa mfano mhasibu, uwezo wa kueleza jawabu analolitaka bila kueleza hatua za kulitafuta, na kwa sababu hiyo kweri, yaani swali moja kamili lililoandikwa kwa SQL, iliumbwa iwe kama sentensi inayojitosheleza na si kama mfululizo wa amri. Sifa hiyo imeidumisha lugha hiyo kwa nusu karne, lakini ilikuja na upungufu ambao kila aliyefanya kazi na hifadhidata kwa muda huukuta: katika umbo lake la awali SQL haikuwa na njia nyepesi ya kuipa thamani jina mara moja na kuitumia tena ndani ya kweri ileile, hivyo namba iliyohitajika mahali sita iliandikwa mara sita.

Namba ya namna hiyo, inayoandikwa kwa tarakimu moja kwa moja ndani ya kweri bila kusomwa kutoka katika jedwali lolote, huitwa thamani thabiti, na ni huo uthabiti wake unaostahili kuchunguzwa kabla ya jambo jingine lolote. Mwandishi wa makala haya alifanya kazi kwa miaka kadhaa jijini Nairobi katika idara iliyotayarisha ripoti za mauzo za kampuni moja ya bidhaa za rejareja, na mengi aliyoyajua kuhusu thamani zinazojirudia hakuyapata vitabuni bali aliyapata mwaka 2020, wakati serikali ya Kenya ilipogusa namba moja ambayo watu wa fani hiyo walikuwa wameizoea kama majina ya siku za juma. Namba hiyo ilikuwa kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani, maarufu kwa jina la VAT, kilichoshushwa kutoka asilimia 16 hadi asilimia 14 kuanzia tarehe 1 Aprili 2020 ili kupunguza makali ya janga la korona, kisha kikarudishwa kwenye asilimia 16 tarehe 1 Januari 2021.

Mtu asiyeijua kazi hiyo angeweza kudhani kwamba mabadiliko hayo yalihitaji tu kutafuta 0.16 katika kweri zote na kuweka 0.14 mahali pake. Ukweli ni kwamba kiwango kimoja cha kodi hujificha katika sura nyingi, kwa kuwa anayekokotoa kodi juu ya bei isiyo na kodi huzidisha kwa 0.16, anayetafuta bei kamili huzidisha kwa 1.16, na anayeichambua bei ambayo tayari ina kodi ndani yake huzidisha kwa 16 na kugawanya kwa 116, kiasi kwamba bidhaa ya shilingi 1,160 hutoa kodi ya shilingi 160. Wapo pia waliofanya hesabu hiyo ya mwisho pembeni kwa kikokotoo na kuandika 0.1379 ndani ya kweri, na namba hiyo haina alama yoyote ya kumwonyesha msomaji kwamba ni mtoto wa asilimia 16. Upande wa pili, kulikuwa na 0.16 ambazo hazikuwa kodi kabisa, bali kamisheni ya mawakala iliyolingana nayo kwa bahati tu, na kulikuwa na 16 iliyokuwa namba ya tawi. Programu ya kutafuta maneno haiwezi kuzitenganisha, kwa maana tarakimu haibebi sababu iliyoifanya iandikwe, na kazi hiyo ikalazimu kila kweri isomwe kwa macho, mhandisi akiwa ameketi pamoja na mhasibu aliyejua kila hesabu ilikusudia nini.

Usomaji huo ulifichua pia kwamba namna ya kuiandika thamani ina madhara yake. Baadhi ya kweri zilikuwa na 16/100 badala ya 0.16, maandishi ambayo mwanahisabati huyaona kuwa kitu kimoja, lakini katika PostgreSQL, SQL Server na SQLite kugawanya namba nzima kwa namba nzima hutoa namba nzima, hivyo jawabu la 16/100 ni sifuri, ilhali MySQL na Oracle hutoa 0.16. Kweri iliyozaliwa kwenye MySQL na baadaye kuhamishiwa PostgreSQL bila kukaguliwa huendelea kufanya kazi pasipo kutoa onyo lolote huku ikitangaza kwamba hakuna kodi inayodaiwa. Thamani inaporudiwa mara nyingi kwa mikono ya watu tofauti, kila mmoja huiandika kwa desturi yake, na hitilafu ya aina hii hupata pa kujibanza kwa sababu baadhi ya nakala ni sahihi na baadhi si sahihi.

Tiba ya kwanza, ambayo pia ndiyo nyepesi kuliko zote, ni kifungu cha WITH, kilichoingizwa katika viwango rasmi vya lugha hiyo mwaka 1999 na ambacho humruhusu mwandishi kuanza kweri kwa kutaja jedwali dogo la muda lenye jina, kisha kulirejelea popote chini yake. Thamani thabiti huwekwa katika jedwali la safumlalo moja, yaani mstari mmoja tu wa taarifa, kwa namna hii:

WITH kiwango AS (SELECT 0.16 AS vat)
SELECT a.namba,
       a.bei_kamili / (1 + k.vat) AS bei_bila_kodi,
       a.bei_kamili * k.vat / (1 + k.vat) AS kodi
FROM ankara a CROSS JOIN kiwango k;

Katika maandishi hayo 0.16 imetajwa mara moja, ina jina, na sura zake zote nyingine hutokana nayo kwa hesabu inayosomeka, hivyo hakuna tena haja ya 1.16 wala 116 wala 0.1379. Maneno CROSS JOIN huunganisha kila safumlalo ya jedwali la kwanza na kila safumlalo ya jedwali la pili, na kwa kuwa jedwali la kiwango lina safumlalo moja, idadi ya ankara haibadiliki. Lakini atakayeongeza safumlalo ya pili humo bila kufikiri atazifanya ankara zote zijirudie mara mbili na mauzo yote yaonekane yameongezeka maradufu. Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji ruhusa maalumu wala kitu chochote kuhifadhiwa ndani ya hifadhidata, na ilichelewa kuenea kwa sababu tu mifumo mingine ilichelewa kuipokea: PostgreSQL iliipata katika toleo la 8.4 mwaka 2009, SQLite mwaka 2014, na MySQL katika toleo la 8.0 mwaka 2018. Kweri nyingi zilizojaa marudio ziliandikwa kabla ya miaka hiyo na watu waliofanya kazi kwa uangalifu kadiri zana zao zilivyoruhusu, na ni vema anayezirithi alikumbuke hilo kabla ya kuwalaumu.

Kwenye PostgreSQL njia hiyo ilikuwa na gharama iliyopaswa kujulikana. Kabla ya toleo la 12, lililotoka mwaka 2019, kila kifungu cha WITH kilikokotolewa peke yake na matokeo yake kuwekwa kando, jambo lililokinyima kipangaji, ambacho ni sehemu ya mfumo inayochagua njia ya haraka ya kulifikia jawabu, nafasi ya kukitazama kifungu hicho pamoja na sehemu nyingine ya kweri. Kwa namba ya kuzidishia kama kiwango cha kodi athari yake ni ndogo mno, lakini kwa thamani inayochuja taarifa, kwa mfano tarehe ya mwanzo wa ripoti, kipangaji kisichoiona tarehe yenyewe hukisia idadi ya safumlalo na huenda kikaiacha faharasa, yaani orodha ya kuharakisha utafutaji, iliyojengwa kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Tangu toleo la 12, kifungu kinachorejelewa mara moja tu na kisichobadilisha taarifa yoyote huunganishwa na kweri inayokizunguka, na mwandishi anaweza kuukataa au kuutaka mwenendo huo kwa maneno MATERIALIZED na NOT MATERIALIZED.

Vigeu, yaani majina yanayoshikilia thamani nje ya kweri, ni njia nyingine, na kila mfumo una mila yake kuvihusu. SQL Server huvitangaza kwa neno DECLARE na alama ya @ mbele ya jina, MySQL huviruhusu bila kuvitangaza, na PostgreSQL haina vigeu katika SQL yake ya kawaida ingawa programu yake ya psql hubadilisha maandishi kabla ya kuyatuma kwa seva. Kati ya hivi, kigeu cha MySQL ndicho kilichomtia mwandishi huyu wasiwasi zaidi katika kazi, kwa kuwa huishi muda wote ambao muunganisho na seva uko wazi, na kisipowekewa thamani hubeba NULL, alama ya kutokuwepo kwa thamani yoyote. Namba yoyote ikizidishwa kwa NULL hutoa NULL, na fanksheni ya SUM huzipita NULL kimya, hivyo mhandisi aliyekosea herufi moja katika jina la kigeu anaweza kupata jumla ambayo baadhi ya sehemu zake zimetoweka pasipo seva kulalamika.

Pale kweri inapotumwa na programu nyingine, badala ya kuandikwa na mtu mbele ya skrini, njia inayofaa ni parameta, ambayo ni nafasi inayoachwa wazi ndani ya kweri na kujazwa wakati wa kuituma. Faida yake inayotajwa zaidi ni usalama, kwani thamani husafiri ikiwa thamani na haiwezi kugeuka kuwa amri, hata kama aliyeiandika ni mtu mwenye nia mbaya. Lakini kwa suala la marudio kuna tofauti ndogo yenye uzito wake. Alama ya $1 ya PostgreSQL ina namba, hivyo inaweza kuonekana mara nyingi katika kweri moja na kujazwa mara moja, ilhali alama ya kuuliza inayotumiwa na maktaba nyingi za programu hudai thamani yake kila inapotokea, na marudio yaliyofukuzwa ndani ya kweri hurejea kwenye orodha ya thamani zinazotumwa, ambako mpangilio ukivurugika kosa lake huwa gumu zaidi kuonekana.

Wapo wanaopendelea kuiweka thamani ndani ya fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina kinachoishi ndani ya hifadhidata na kurudisha jawabu, na hapo ndipo swali la uthabiti hudai jibu la wazi. PostgreSQL humruhusu mwandishi wa fanksheni aseme iwapo ni IMMUTABLE, neno la kiufundi lenye maana ya kwamba kwa vigezo vilevile jawabu litakuwa lilelile daima. Akiahidi hivyo, mfumo hupewa haki ya kuikokotoa mapema, na hata kuijengea faharasa matokeo yake. Fanksheni inayorudisha kiwango cha VAT pasipo kuuliza tarehe, ikiwa imepewa alama hiyo, ni ahadi ambayo Bunge la Kenya halikuwahi kuitia sahihi: siku fanksheni itakapoandikwa upya, faharasa iliyojengwa juu ya jawabu la zamani haitajirekebisha yenyewe, na kweri mbili zinazopita njia mbili tofauti zinaweza kutoa majibu mawili juu ya ankara moja.

Kipindi hicho cha 2020 kilithibitisha kwamba hata kama kampuni ingekuwa imeiandika 0.16 mahali pamoja tu, kuibadilisha kuwa 0.14 kungeleta kosa jipya, kwa sababu ripoti ya Machi ikichapishwa tena mwezi Mei ingehesabu kwa asilimia 14 mauzo yaliyotozwa asilimia 16, na bidhaa iliyonunuliwa Desemba 2020 na kurudishwa dukani Januari 2021 ingemrejeshea mteja kodi ambayo hakuilipa. Kuunganisha marudio kunaondoa taabu ya kuandika, wala hakugusi swali la wakati. Kiwango cha kodi, kadiri mwandishi huyu alivyokuja kuamini kwa nguvu zaidi kila alipoikagua ripoti nyingine, si thamani thabiti hata kidogo. Ni taarifa kama ilivyo bei au jina la mteja, ina siku ya kuanza na siku ya kukoma, na mahali pake ni ndani ya jedwali.

Jedwali hilo huwa dogo, lenye safuwima ya aina ya kodi, ya kiwango, ya tarehe ya kuanzia na ya tarehe ya kukoma, na kwa kiwango cha kawaida cha Kenya lilihitaji safumlalo tatu tu kuueleza mwaka mzima wa 2020 na pande zake mbili. Kweri huunganisha kila ankara na safumlalo ambayo tarehe ya kuanzia imefikiwa au kupitwa na tarehe ya kukoma bado haijafika, na inafaa masharti hayo mawili yaandikwe wazi badala ya kutumia neno BETWEEN, ambalo hujumuisha ncha zote mbili. Safuwima ya mauzo inaposhika tarehe pamoja na saa, kikomo kilichoandikwa 2020-12-31 husomwa kuwa saa sita usiku mwanzoni mwa siku hiyo, na mauzo yote ya mchana wa mkesha wa mwaka mpya, ambayo kwa duka lolote la Nairobi si haba, hubaki nje ya kipindi.

Suala la saa lina upande mwingine unaoihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Seva nyingi hutunza saa za kimataifa za UTC, na Nairobi, sawa na Dar es Salaam na Kampala, iko mbele yake kwa saa tatu, hivyo mauzo yaliyofanyika saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2020 katika duka lisilofungwa usiku yameandikwa kwenye seva kuwa ya saa nne usiku wa tarehe 31 Machi. Sheria hufuata siku ya Kenya, wala haifuati siku ya seva, na kweri inayolinganisha saa za seva na tarehe za sheria bila kuzigeuza kwanza hutoza asilimia 16 mahali ambapo sheria ilisema 14. Tofauti katika kila ankara ni shilingi chache, lakini mkaguzi wa hesabu haridhishwi na uchache wake, kwa kuwa jumla mbili zilizopaswa kulingana hazilingani.

Jedwali la viwango lina manufaa mengine ambayo mwandishi huyu anayathamini kuliko yale ya kiufundi, nayo ni kwamba mhasibu anaweza kulisoma. Kweri yenye mistari mia mbili ni kitu cha wahandisi pekee, lakini safumlalo inayosema kiwango cha kawaida, asilimia 14, kuanzia 1 Aprili 2020 hadi 1 Januari 2021, inaweza kulinganishwa na gazeti rasmi la serikali na mtu ambaye hajawahi kuandika neno SELECT, na akaikubali au kuikataa kwa mamlaka ya taaluma yake. PostgreSQL huongeza ulinzi wake kwa sharti la kuzuia vipindi viwili vya aina moja ya kodi kuingiliana, hivyo safumlalo mbili zinazodai siku moja hukataliwa zinapoingizwa, kabla hazijazifanya ankara zijirudie. Pamoja na hayo, ankara yenyewe na iandike kiwango kilichotumika na kodi iliyotozwa siku ile, kwa kuwa risiti aliyopewa mteja ni tukio lililokwisha kutokea na haipaswi kukokotolewa upya.

Si kila namba inayojirudia inayostahili matunzo hayo. Mia moja inayogeuza sehemu kuwa asilimia, gramu 1,000 za kilo na sekunde 60 za dakika hazina bunge la kuzibadilisha, na kweri inayozipa majina marefu huchosha bila faida. Namba za hali, kwa mfano 3 yenye maana kwamba ankara imefutwa, ziko katikati: hazibadiliki mara kwa mara, lakini haziongei, na mwandishi huyu huzipa jina ndani ya kifungu cha WITH hata zikitumika mara moja tu, kwa ajili ya atakayeisoma kweri baadaye akiwa hana wa kumwuliza.

Mafuta ya petroli ndiyo yaliyoonyesha umbali ambao mpangilio wa tarehe unaweza kufika. Bidhaa hizo zilikuwa na VAT yao ya asilimia 8 tangu Septemba 2018, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliipandisha hadi asilimia 16 kuanzia tarehe 1 Julai 2023. Tarehe 30 Juni Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wa sheria hiyo, tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaliondoa zuio, mwaka mmoja baadaye mahakama hiyohiyo ya rufaa ikaitangaza sheria yote kuwa batili, na mwezi Oktoba 2024 Mahakama ya Upeo ikautengua uamuzi huo. Jedwali lenye tarehe za sheria pekee haliwezi kusimulia mfululizo kama huo, kwa sababu kinachohitajika si tu kujua kiwango kilitumika lini, bali pia kujua hifadhidata iliamini nini katika siku fulani. Toleo la SQL la mwaka 2011 liliweka kanuni za kutunza nyakati hizo mbili kwa pamoja, kipindi ambacho taarifa ni ya kweli katika maisha na kipindi ambacho ilikuwa imeandikwa ndani ya mfumo, na hata katika mifumo isiyozitekeleza kanuni hizo inatosha kuongeza safuwima mbili za kuonyesha lini safumlalo iliingizwa na lini nafasi yake ilichukuliwa na nyingine. Kwa mpangilio huo, ripoti ya mafuta ya Julai 2023 inaweza kutolewa kama ilivyoonekana siku ya mauzo au kama ilivyokuja kuthibitishwa mahakamani, na kweri ya zote mbili ni moja, ikitofautiana kwa tarehe moja tu inayopitishwa kama parameta.